Blaindi za kirumi za kushona kwa mkono hapa Unguja: geuza nyuma kwanza ndo utoe pesa

Assalamu alaykum wapendwa. Mashoga zangu watatu ndani ya wiki moja wameniuliza zile pazia za kukunja za jikoni kwangu kashona nani, nkaona bora niandike mara moja kila mtu asome, manake kueleza kwa sauti za WhatsApp nshachoka. Namba ya fundi sitoi hapa, mwenyewe kakataa, anasema kazi alizonazo zinamtosha, anayemtaka kweli aniulize pembeni. Ila mazuri yake na mabaya yake ntayasema yote, na yeye nshamwambia kuwa ntayasema, akacheka.

Kwanza tuelewane nnazungumzia nini. Blaindi ya kirumi, wengine wanaita roman tu, ni pazia moja bapa lisilo na marinda, likishuka linakaa wima mbele ya dirisha limetulia, ukivuta kamba linapanda juu kwa mikunjo mipana inayolaliana kama shuka zilizopangwa kabatini. Nyuma yake kuna fito zimelala kwa upana, kuna pete ndogo ndogo zimeshonwa juu ya fito, na kamba zinapita ndani ya pete mpaka juu kwenye ubao. Basi, ndo hivyo tu. Humo hamna mashine wala springi, ni kitambaa, kamba na hesabu, na kwenye hesabu ndo watu wengi wanapoangukia.

Sie tunakaa Mombasa, Mombasa ya hapa Unguja wala si ya Kenya, na kaskazi ikianza kuvuma Disemba mapazia marefu nyumba hii yanageuka bendera. La jikoni ndo lilikuwa balaa. Sinki liko chini ya dirisha na jiko la gesi liko mkono wa kulia, siku moja nimegeuka kuchukua tui narudi nakuta pazia limejichovya kwenye mchuzi wa papa, nikalifua nikalirudisha, siku nyengine likapita juu ya moto hivi nikaliona kwa jicho la pembeni nkasema la, hili linatoka leo leo. Nikataka kitu kinachokaa ndani ya tundu la dirisha, kisichopepea, na mchana nikitaka hewa nakipandisha chote.

Mara ya kwanza nilikwenda duka moja mjini, jina nalihifadhi, wana sampuli nzuri zimening'inia ukutani na kiyoyozi kinapuliza, nikaagiza mbili, ya jikoni na ya chumbani. Kijana akaja na futi akapima upana mara moja, katikati, urefu mara moja, akaandika kwenye kiganja. Kwenye kiganja! Nilipaswa nijue pale pale. Zikaja baada ya siku nne, kwa kuzitazama mbele ni nzuri wallahi, nikalipa zote bila ya kuuliza. Kuzifunga, ya chumbani haiingii ndani ya fremu kwa upande wa chini, juu inaingia chini inakwaruza, kwa sababu madirisha yetu haya na plasta zake hayako sawa, juu unapata sentimita 111 chini 110. Na ya jikoni ukiivuta upande mmoja unatangulia, mwengine unabaki nyuma, inapanda imepinda kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja.

Halafu ikaja masika. Kumbe zile pete hawakuzishona, walizigandisha kwa gundi, unyevu ulipozidi zikaanza kudondoka moja moja ndani ya sinki, nazikuta kwenye vyombo. Fito zake zilikuwa za chuma, chuma chembamba, na hapa kwetu hewa ya bahari haina huruma na chuma, ndani ya miezi michache kitambaa cha rangi ya maziwa kikachora mistari minne ya kutu, mbele, pale wageni wanapoona. Kutu ile haikutoka kwenye pamba, nimejaribu ndimu na chumvi na jua, ilififia tu. Nikawarudia, wakanambia dhamana ni ya kitambaa wala si ya unyevu. Sawa.

Ndo shemeji yangu akanipeleka kwa huyu mzee. Anashonea nyumbani kwake, ng'ambo, huko nyuma ya Mlandege, cherahani mbili na meza moja ndefu, na binti yake ndo anayefanya kazi zote za sindano ya mkono. Mie namwita ami, yeye ananiita mwanangu. Nikamwekea ile blaindi mbovu mezani nikamwambia ami nataka kama hii lakini nzima. Hakuitazama mbele hata kidogo. Aliigeuza kifudifudi, akapitisha kidole kwenye pete zilizobaki, akabonyeza fito, akanyanyua pindo la bitana akachungulia, akasema hii imeshonwa kwa ajili ya dukani, haikushonwa kwa ajili ya dirisha. Toka siku ile na mie kila blaindi nnayoikuta kwa mtu naigeuza nyuma kabla sijaisifu, nshakuwa kero.

Basi nieleze alivyofanya, manake nilikaa pale karibu asubuhi mbili nzima nikimwangalia, na anayetaka kujishonea mwenyewe atafaidika.

Alikuja nyumbani mwenyewe. Upana akapima mara tatu, juu, katikati na chini, akachukua ule mdogo kuliko yote akapunguza sentimita moja, ili pazia lisikwaruze pembeni. Urefu vilevile mara tatu. Halafu akapima kona mpaka kona kwa mshazari, pande zote mbili, akinambia ikiwa hizi mbili hazilingani ujue dirisha lako limekaa upande, na hapo usilifuate dirisha, shona pazia lililonyooka na dirisha lijitazame lenyewe. Hayo ni kwa blaindi ya kukaa ndani ya fremu. Kama unataka ikae nje ya fremu, juu ya ukuta, inafunika dirisha lote, hapo unaongeza badala ya kupunguza, sentimita 5 mpaka 10 kila upande, mwangaza usichungulie.

Kitambaa alikataa kukigusa kabla hakijafuliwa. Pamba inarudi, kila mtu anajua, lakini watu wanashona kwanza halafu wanafua, bitana inarudi kivyake na kitambaa cha mbele kivyake, ndo unaona pazia limejikunyata kama uso wa mtu aliyekula bungo bichi. Nikapeleka nyumbani nikavifua vyote viwili, nikavipiga pasi, nikarudisha.

Kukata sasa. Hakutumia chaki na rula kama nilivyodhani. Alikata pembeni kidogo, akatafuta uzi mmoja wa upana kwa ncha ya sindano, akauvuta taratiiibu mpaka ukatoka wote toka ukingo huu mpaka ule, na pale ulipotoka pakabaki mstari mwembamba kama unywele, akapitisha mkasi juu yake. Alinambia huo ndo mstari ulionyooka kikweli, kwa sababu kitambaa chenyewe ndo kimeufuma, rula inaweza kukudanganya uzi haudanganyi. Halafu kukagua kona alikitandaza sakafuni juu ya marumaru akafuatisha mistari ya marumaru. Bure kabisa, na ni sahihi kuliko kile kipembe changu cha skuli.

Hesabu ya mikunjo ndo nilipompendea. Dirisha la chumbani, pazia likiwa tayari ni sentimita 140 kwa urefu na 109 kwa upana. Juu kabisa anaacha sentimita 5 za ubao na vitanzi. Zinabaki 135. Hizo anazigawa kwa 9, anapata 15. Ya chini kabisa, toka pindo mpaka ufito wa kwanza, ni fungu moja, 15, na kutoka ufito mpaka ufito ni mafungu mawili, yaani 30. Kwa hivyo fito zinakaa kwenye 15, 45, 75 na 105, na juu zinabaki 30 nyengine. Kwa nini? Kwa sababu ukivuta kamba kila nafasi ya 30 inajikunja kati kwa kati inakuwa 15, na ile ya chini nayo ni 15 tayari, zote zinashuka sawa sawa. Wale wa dukani waligawa tu urefu kwa tano mafungu sawa, ndo maana la kwangu likipandishwa kipande cha chini kilikuwa kinaning'inia kama ulimi. Kama unataka fito chache gawa kwa 7, ukitaka nyingi gawa kwa 11, mradi iwe namba witiri. Ami anasema hivyo hivyo, witiri, kama sala.

Bitana yake ni marekani, ile ya kawaida isiyotiwa rangi. Hapa nitoke nje ya mada kidogo, mnisamehe. Nilimuuliza kwa nini inaitwa marekani wakati naona roli limeandikwa nchi nyengine kabisa, hakujua, nami nikakumbuka historia ya skuli, kwamba wafanyabiashara wa mji wa Salem kule Massachusetts ndo walokuwa wakileta vitambaa vya namna hii Unguja enzi za Sayyid Said, mkataba wao na Marekani uliwekwa 1833 na balozi wao mdogo wa kwanza akafika 1837, kitambaa kikabaki na jina la kwao mpaka leo hata kikitoka kwengine. Ami akasema basi Wamarekani washanikalia kwenye madirisha yote ya mji huu. Tuendelee.

Fito haziwekwi baina ya vitambaa kienyeji, zinaingia kwenye vifuko vilivyoshonwa kwenye bitana. Kila kifuko kinakula sentimita 3 za bitana, kwa hivyo fito nne ni sentimita 12, lazima bitana ikatwe ndefu kwa kiasi hicho zaidi ya mapindo. Hili wengi wanalisahau halafu bitana inakuwa fupi, wanaivuta kwa nguvu, pazia linapinda. Vifuko vinashonwa kwa cherahani. Kitambaa cha mbele hakipitiwi na cherahani hata mara moja isipokuwa juu kwenye velkro, mapindo yote ya pembeni anashona binti kwa mkono. Nilimkalia karibu kumtazama, sindano inaingia kwenye pindo, inatoka, inachota nyuzi mbili tu za kitambaa cha mbele, mbili, halafu inarudi kwenye pindo, na havuti uzi ukakaza, anauacha umelegea kidogo. Ukigeuza mbele hakuna kitu, safi, kama kitambaa kimejishika chenyewe. Halafu kila kifuko kinashikizwa na kitambaa cha mbele kwa vishono vichache vya namna ile ile, kila baada ya shibiri, ili bitana na mbele vipande pamoja. Bitana inakatwa nyembamba kidogo kuliko mbele isichungulie pembeni. Pindo moja la pembeni lilimchukua robo saa na zaidi, na hakunyanyua macho, nikaona haya kuendelea kumpigisha gumzo.

Fito zenyewe ni za faiba, nyeupe, nyembamba, haziozi wala hazipati kutu, na anazikata fupi kuliko pazia kwa sentimita 2 zisichome pindo. Kwa chini kabisa anatia kitu kizito zaidi kinyooshe pazia, na hapa akili yake niliipenda, anakwenda kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu anachukua vile vipande bapa vilivyobaki, kwa bei ya kutupa, anavisaga ncha zisikate. Aluminiamu na bahari zinaelewana. Pete ni za plastiki, au shaba ukimletea mwenyewe, chuma hataki hata kukisikia. Kwa upana wa 109 alitia safu nne, ya kwanza sentimita 5 kutoka ukingoni, kwa hivyo fito nne mara safu nne ni pete 16, na kila moja binti kaishona mara tano inapita kwenye kifuko na kuchota kidogo kitambaa cha mbele, uzito ubebwe na vyote.

Ubao wa juu unafungwa kwa skrubu, na pazia linanata juu yake kwa velkro, upande laini umeshonwa kwenye pazia, upande wenye vijino umepigwa pini kwenye ubao. Faida yake ni kufua. Nachomoa pazia, nafungua mshono mdogo mwisho wa kila kifuko, natoa fito, nafua kwa mkono, narudisha. Nshafanya hivyo mara mbili na halijapinda.

Sasa nije kwenye ile ya jikoni, manake hiyo ndo mnayoiulizia.

Mie nilitaka kanga. Nilikuwa na doti moja nzuri sana ya bluu na nyeupe, jina lake Subira Yavuta Heri, nikasema jina lile nilione kila asubuhi nikiosha vyombo. Kanga kwa kawaida inakwenda kama mita moja na nusu kwa mita moja na kumi hivi, na dirisha langu la jikoni ni upana wa 120 na urefu wa 95, kwa hivyo inatosha bila ya kuunga. Ami akaitandaza mezani akainamia, akapima, akakuna kidevu. Akasema mwanangu, toa 5 za juu inabaki 90, gawa kwa 9 ni 10, ufito wa kwanza unakaa sentimita 10 kutoka chini, na ukishatoa pindo jina la kanga yako liko wapi? Nikapima mwenyewe. Sentimita 10. Yaani kila nikipandisha pazia herufi zingekatika kiunoni, vichwa huku miguu kule, subira yangu ingekunjika katikati. Akafikiri, akagawa kwa 7 badala ya 9, ikaja 12.8 na ushee, ufito wa kwanza ukapanda juu ya jina, fito zikawa tatu badala ya nne, mikunjo ikawa mipana kidogo, na jina likabaki zima kwenye kipande cha chini, halikatwi na mkunjo. Duka gani litakufanyia hivyo niambieni.

Onyo lake juu ya kanga lakini alinipa mapema, rangi zitapauka, jua la dirishani halichezi, bitana inasaidia ila haizuii kila kitu. Ni miezi minane sasa na bluu ishaanza kulainika upande wa kulia. Nilijua, sina lawama. Na mkitaka za kulegea, zile zisizo na fito zinazofanya tumbo katikati, anashona lakini atakukatisha tamaa kama dirisha ni pana, anasema linakuwa kama chandarua kilichokatika kamba. Zile nyengine zinazobaki na mikunjo hata zikiwa zimeshushwa zinakula kitambaa karibu mara mbili, mie sikutaka hata kuuliza bei.

Haya, mabaya sasa.

La kwanza muda. Alisema wiki mbili, zikawa tano. Nusu ya kosa ni langu, nilimpelekea kazi Ramadhani imeshaingia, na nani hajui fundi wa nguo na Idi, mezani kwake palikuwa na rundo la kanzu na magauni ya watoto mpaka binti haonekani. Lakini basi angesema. Kila nikipiga simu "karibu mwanangu, imebaki kidogo", nakwenda nakuta pazia langu limekunjwa vile vile nilivyoliacha na juu yake kuna kikombe cha kahawa. Na mie nyumbani nimeshatoa mapazia ya zamani, jirani wa ghorofani ananiona napika daku. Lile jina la kanga nililikumbuka sana.

La pili ni ile ya chumbani. Mume wangu anafanya kazi zamu za usiku, analala mchana, tukaomba juu ya marekani itiwe na ile bitana nzito isiyopitisha mwangaza. Imetiwa, giza kweli, lakini kila tundu la sindano kwenye vile vifuko linapitisha nukta ya mwanga, saa sita mchana ukilala unaona mistari minne ya nyota ndogo ndogo ukutani kwako. Ami anasema hilo haliepukiki ukishona juu ya bitana ile, na kweli, ukiitoboa ishatoboka. Lakini kulikuwa na njia, kushona vifuko kwenye marekani peke yake na kuiacha ile nzito katikati bila ya kutobolewa isipokuwa kwenye vishono vichache vya mkono. Alikubali nilipomwambia, akasema inayofuata atafanya hivyo. Mume wangu anasema ameshazizoea nyota zake.

La tatu ndo kubwa, na hili naomba wenye watoto mlisome mara mbili. Alizifunga kamba zikaning'inia tu mpaka chini, zimeungana mwisho kama kitanzi, hakuweka pa kuzifungia. Mie nna mtoto wa miaka miwili. Kamba za mapazia zimeshaua watoto kwenye nchi nyingi, mtoto anapanda kwenye kitanda au kiti, anaingiza shingo, na halilii jambo lile, ni kimya. Ulaya walikaza kanuni zao 2014, Marekani zile za kununua tayari dukani toka mwisho wa 2018 haziruhusiwi kuwa na kamba ndefu za wazi. Hapa hakuna anayekuuliza, kwa hivyo jiulize mwenyewe. Nilimrudisha siku ya pili yake, na sifa hii nampa, alikuja bila ya kununa. Kila kamba ikaachwa na ncha yake bila ya kuunganishwa kitanzi, na tukapiga ukutani kile kijino cha kuzungushia kamba kwa juu, mita moja na nusu na zaidi kutoka sakafuni, pazia likiwa juu kamba yote inazungushwa pale haibaki hata shibiri. Na kitanda cha mtoto nikakisogeza mbali na dirisha. Pazia likishuka kamba zinakuwa fupi zenyewe kwa chini, zinapanda juu nyuma ya pazia, lakini bado nazifunga. Toka hapo anasema anawauliza wateja wote kama wana mtoto.

Bei alinitoza elfu 40 kwa dirisha moja ufundi, na fito, pete na kamba juu yake, kitambaa na bitana nilinunua mwenyewe Darajani. Ukijumlisha yote ni ghali kuliko lile duka kwa kila dirisha, siwadanganyi. Lakini kwa ajili ya lile duka nililipa mara mbili na hivi sasa moja ya blaindi zao ni kitambaa cha kufutia baiskeli.

Jambo jengine dogo la hali yetu ya hewa. Wakati wa masika msiziache zimepandishwa siku nzima zikiwa na unyevu, mikunjo inashika ukungu kwa ndani, vidoa vyeusi, hasa jikoni. Mie asubuhi napandisha napika, adhuhuri nazishusha na dirisha wazi zipigwe na upepo. Ikipita masika fanya utakavyo. Na kamba zikianza kupishana, upande mmoja ukipanda mbele, usikimbilie kwa fundi, shusha pazia lote mpaka mwisho, fungua kamba kwenye kile kijino cha ukutani, zinyooshe zote ziwe na mkazo sawa, zungusha tena. Dakika tatu. Ile ya duka haikunyooka hata kwa hivyo kwa sababu pete zenyewe hazikupangwa mstari mmoja wima, na hilo utaliona ukigeuza nyuma tu.

Kazi ya mkono nampa tano kwa tano, hesabu tano kwa tano, ahadi mbili, na hizo mbili ni kwa sababu kahawa yake nzuri. Nilimpa madirisha manne kwa jumla. La jikoni, chumbani na ukumbini yashafungwa. La nne, la chumba cha mama mkwe, bado liko kwake. Juzi nimempigia kanambia nije Jumamosi. Jumamosi ipi hakusema.